Pa Kuwalishia Wakwe

Mwaka ule dari ya nyumba yetu iliporomoka. Si yote, ni upande wa ukumbi tu, boriti nne zilizooza pamoja na mawe na chokaa iliyokuwa juu yake. Hakuumia mtu, ila Ami aliumia mahali pasipotiwa dawa. Ami ni ndugu yake baba, na ndiye aliyenilea baba alipofariki. Kazi yake ilikuwa kuuza boriti. Alizinunua kwa wakataji wa mikoko akawauzia manahodha wa Uarabuni, huku akiwaapia kwamba wajukuu wao watazeeka chini ya boriti zake. Leo mtu huyo boriti za nyumba yake mwenyewe zinamwangukia juu ya birika la kahawa. Mji wa Amu ulicheka mwezi mzima, na mimi, kila Ami alipokuwa hayupo, nilicheka pamoja nao.

Kicheko kiliniishia siku ilipokuja habari kutoka Chundwa.

Chundwa, kisiwani Pate, ndiko nilikoposa. Nilikuwa nikienda huko kumpokelea Ami mizigo yake, na siku moja nikasikia sauti ya mwanamke nyuma ya ua akimgombeza mbuzi aliyeingia shambani. Hakumtukana. Alimweleza makosa yake moja baada ya jingine, kwa utulivu, mpaka mbuzi akatoka mwenyewe. Nikauliza ni binti wa nani. Posa ikapelekwa, na ndani yake mlikuwa na doti mbili za leso nilizochagua kwa mkono wangu, nyekundu, zenye maua meupe pembeni. Posa ikapokewa. Kilichobaki ni babake aje Amu na wazee wake, wale kwetu, waione nyumba na watu wa nyumba, ndipo itajwe siku ya harusi. Tulikuwa tumekwisha kuwaahirisha mara moja, babu alipofariki. Sasa wametuma neno kwamba wanakuja Jumatano, watu ishirini na wawili. Aliyeleta habari akaongeza, bila ya kuulizwa, kwamba kuna mtu wa Siyu ambaye siku hizi hapiti Chundwa bila ya kumjulia hali babake binti.

“Tukiwaahirisha mara ya pili,” nilimwambia Ami, “watasema hatumtaki. Na yule wa Siyu atasema anamtaka.”

Nyumba haikuingilika. Sisi wenyewe tulikuwa tumejibana kwa shangazi, watu kumi na mmoja katika vyumba viwili. Anayeijua Amu ataniuliza, majirani je? Ni kweli, mtu wa Amu hakosi sebule ya jirani. Lakini Ami alikuwa amegombana na jirani wa kulia kwa ajili ya ukuta, na wa kushoto kwa ajili ya maji ya mvua, na wa mbele kwa sababu aliicheka dari kuliko wenzake. Nusu ya mji hasemi nao, na nusu ya pili haiamini.

“Kuliko kuomba sebule ya mtu,” alisema, “tawalisha kwa kununua.”

Alipokwisha kulisema neno hilo aliduwaa yeye mwenyewe. Enzi zile mtu mwenye heshima zake hakula nje. Kahawa barazani, sawa. Tambuu, sawa. Lakini kufungua kinywa na kutia tonge mbele ya wapita njia lilikuwa jambo la mabaharia na wachukuzi na watu ambao kwao ni mbali. Chakula kililiwa nyuma ya mlango. Nyumba za kulia zilikuwapo, tatu au nne hivi, wala neno hoteli hatukuwa nalo bado, na Ami alikuwa hajakanyaga hata moja. Jumapili asubuhi akavaa kanzu yake ya Ijumaa, akachukua bakora, tukatoka kwenda kuchagua.

Tulianza kwa Mwarabu mmoja Mshihiri karibu na forodha. Kahawa yake ilisifiwa mji mzima, na kwa kweli ilikuwa nzuri, ila watu walikula wakiwa wameketi juu ya mabao marefu, miguu inaning'inia, na kila mmoja akisema kwa sauti ya kumwita mtu aliye kwenye chombo kingine. Ami alisimama mlangoni akihesabu mabaharia. Mshihiri akatukaribisha kwa ukarimu mkubwa, akatuonyesha sufuria la nyama. Ami akachungulia, akashukuru, akamwombea baraka, na tulipofika mbali kidogo akasema nyama ile imepikwa na mtu mwenye haraka ya kusafiri.

Mahali pa pili palikuwa pa Mhindi mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza afungue. Hapo walikula makarani wa serikali. Palikuwa safi, na mimi nilipapenda, sifichi. Kulikuwa na meza zilizopigwa rangi, na juu ya kila meza sahani zimepangwa, kila mtu na yake. Mwenye nyumba alituonyesha sahani zile kwa fahari. Ami aliinua moja, akaigeuza, akairudisha.

“Sinia hamna?” akauliza.

“Sinia ya nini, Bwana? Kila mtu atapata sahani yake mwenyewe.”

Tulitoka. Njiani Ami alisema watu hula mbalimbali wakiwa wagonjwa, au wakiwa wamefungwa ngomeni. Wakwe unawaweka watano watano kwenye sinia moja, mikono yao inakutana kwenye wali mmoja, na hapo ndipo unapojua nani ana tamaa na nani ana adabu, nani anamsogezea mwenziwe mnofu. “Ukiwapa kila mtu sahani,” alisema, “wamekuya kutafuta nini? Na wale kwao.” Alikuwa na haki, jambo ambalo kwa Ami halikutokea kila siku.

Pa tatu palikuwa nyuma ya soko. Sinia zilikuwapo, na mikeka, na mpishi mwenye tumbo la kutia matumaini. Ami alinusa mara moja tu. Mpishi alikuwa akitumia mafuta ya uto badala ya samli. Watu wa Chundwa wana mashamba na ng'ombe, wanajua samli kama wanavyojua majina ya watoto wao. Tulirudi kwa shangazi na kanzu imelowa jasho, Ami akajinyosha mkekani akafunika uso kwa kofia.

Palikuwa na mahali pa nne. Sote wawili tulipajua tangu tulipotoka nyumbani, na kutwa nzima tulikuwa tukipazunguka.

Mwenye mahali hapo alikuwa mtumwa wa nyumba yetu. Nalisema wazi kwa sababu wazee wangu walipenda kulisema kwa maneno laini. Aliletwa kwa babu akiwa mtoto, sijui kutoka wapi. Hakusimulia, nasi hatukuuliza. Alikuwa mpishi wa nyumba, na mama yangu alipofariki ni yeye aliyenilisha, akaniogesha, akanipeleka chuoni kusoma Kurani akiwa ameshika sikio langu. Nilimwita Mama mpaka ndevu zikaniota. Serikali ilipotoa amri kwamba watumwa ni huru, wengi walibaki pale pale walipokuwa. Yeye aliosha vyungu vyote, akavipanga, akafunga nguo zake, akawaaga wanawake wa nyumba mmoja mmoja, akatoka. Akakodi kibanda mtaa wa Langoni akaanza kupika na kuuza. Ami akasema asitajwe tena mbele yake, nami nikatii. Nilitii zaidi ya nilivyoombwa. Nilipokuwa na haja ya kupita Langoni nilishika kichochoro kingine, na siku moja tulipokutana uso kwa uso kisimani nilijitia nimeingiwa na mchanga kwenye kiatu. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, na bado nikikumbuka kiatu kile naona haya.

Wenye majina wa Amu hawakula kwake, la hasha. Walituma mabakuli yaliyofunikwa kawa, yakaenda matupu yakarudi yamejaa.

Jumatatu nilipiga moyo konde nikaenda. Alikuwa ameketi kibarazani anachambua mchele. Alinitazama kuanzia juu mpaka chini.

“Umekonda,” alisema.

Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri, yote yakanipotea. Nikamwambia kama yalivyo: dari, Chundwa, watu ishirini na wawili, yule wa Siyu. Alisikiliza bila ya kuacha mchele wake.

“Nani atakao niwapikie? Wewe au ami yako?”

“Sote.”

“Basi na aye yeye. Aye akae hapa, ale. Mimi siwapikii wageni wa mtu asiyeonja chungu changu.”

“Ami hatakuja, Mama.”

Neno hilo lilinitoka lenyewe. Alisita kidogo, ungo ukiwa umeinuliwa, kisha akaendelea.

“Asipokuya, mwende kwa Mhindi mkalie sahani.”

Kwa hiyo alikuwa na habari zetu zote.

Jinsi Ami alivyopokea sharti hilo sitaeleza, kwa sababu yuko shangazi aliyelisikia na yeye amekwisha kulieleza kwa kila mtu. Itoshe kwamba aliapa mara tatu. Mimi nilikaa kona ya chumba, maana nilijua nikisema neno nitalia, na mtu wa miaka ishirini na tatu anayetaka kuoa hawezi kulia mbele ya shangazi zake. Nilimpenda binti wa watu. Nilikuwa nimesikia sauti yake mara nne kwa jumla na nilimpenda. Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri, Ami alivaa viatu, nikamfuata.

Aliketi kibarazani pa Langoni na akageukia ukutani, mgongo kwa njia. Yule mama akamwekea sinia: wali wa nazi, samaki wa kupaka, achari ya ndimu. Akasimama.

“Bwana,” alisema, “ukuta haukuya kula.”

Ami akageuka. Njia ilikuwa imejaa watu kuliko siku ya sikukuu. Alipita jirani wa kulia, akapita wa kushoto, na yule wa mbele alipita mara mbili. Ami alikula. Alikula macho yake yametua kwenye wali, tonge baada ya tonge, mpaka sinia ikaonekana maua yake ya chini. Nilimhurumia, na papo hapo nilitaka kucheka, na nilikuwa na njaa.

“Munyu?” aliuliza yule mama.

Aliuliza juu ya chumvi, na hapa lazima nieleze. Miaka yote aliyompikia nyumbani, Ami hakuwahi kusema chakula ni kizuri. Alisema munyu umezidi, au alisema munyu haukufika, basi.

“Haukufika,” alisema Ami.

Nilidhani mambo yameharibika. Lakini yule mama aliinama akaondoa sinia, na nikaona mashavu yake yakijaa tabasamu.

“Basi ndiye,” alisema. “Nalidhani wameniletea mtu mwingine. Kesho nitakie watu wa kubeba mai ya kisima.”

Jumatano wakwe walifika kwa mashua, wakasali alasiri msikitini, tukawaongoza Langoni. Ami alikuwa ametundika majamvi upande wa njia ili watu wasituone, na ndani palikuwa na giza na joto la kutosha kupikia. Mikeka ilitandikwa, udi ukafukizwa, mrashi wa maji ya waridi ukapitishwa. Babake binti alikuwa mtu mwembamba, mkimya, mwenye tabia ya kuangalia kitu mpaka amalize. Kando yake aliketi nduguye, na huyo alikuwa na furushi dogo lililofungwa kwa shiti, alilolipakata. Nilipotaka kumpokea alisema lina nafasi yake pale pale. Nikajua ni zawadi yetu, nikafurahi, nikaanza kubahatisha ni kitu gani.

Babake binti aliangalia majamvi.

“Tuna siri gani?” aliuliza kwa upole. “Upepo nao ni mgeni.”

Ami akaashiria, majamvi yakashushwa. Tukala mbele ya Amu nzima. Sinia tano zilitoka nyuma ya pazia lililotenga jiko, kila moja na kawa lake, na makawa yalipofunuliwa wazee wa Chundwa waliacha kusema. Palikuwa na wali, palikuwa na mbuzi mzima, palikuwa na mikate ya mofa ya moto, na samli, samli ya kweli. Nilimwona mzee mmoja akimsogezea mwenziwe mnofu, na mwenziwe akiurudisha, mpaka ukaliwa na wa tatu. Hakuna aliyepita njiani asiyekaribishwa, na jirani wa mbele hakungoja kukaribishwa mara ya pili. Ami alimpisha kwenye sinia yake. Kwa muda ule nilisahau kwamba kuna mtu anaitwa wa Siyu.

Tulipokwisha kunawa, babake binti aliinua mikono kuomba dua. Kwetu dua ya chakula haiendi hivi hivi hewani. Humtaja mwenye nyumba, kwa jina lake na la babake, ili baraka ijue mlango wa kuingia. Kwa hiyo aliuliza, mikono ikiwa bado juu:

“Nyumba hii ni ya nani, tumtaye kwa ina lake?”

Sote tulimtazama Ami. Mwalikaji ni yeye, wageni ni wake, mbuzi amemnunua yeye. Angetaja jina lake dua ingepita na hapana ambaye angenung'unika. Yeye alitazama mikono yake iliyolowa maji.

“Si yangu,” alisema. “Ni ya bibi aliyoko nyuma ya pazia hilo. Mimi na mwanangu tu wageni wake, kama nyinyi.”

Kisha akataja jina lake, jina lile nililolisikia likiitwa jikoni kila siku ya utoto wangu. Mzee akangoja la pili.

“Binti nani?”

Ami alifungua kinywa akakifumba. Hakulijua. Alinigeukia, na mimi sikulijua. Ndipo sauti ilipotoka nyuma ya pazia, si kubwa wala si ndogo, ikalitaja jina la babake. Lilikuwa jina la bara, refu, ambalo hakuna mtu Amu aliyekuwa nalo.

Nilikuwa nimekula kwa mkono wake maisha yangu yote, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kusikia kwamba alikuwa na baba. Mzee wa Chundwa alilirudia polepole asije akalikosea, akaomba dua ndefu, sote tukaitikia amin. Halafu, kahawa ilipokuwa ikizunguka, alimgeukia Ami akasema mwezi utakaoandama ni mwezi mzuri wa harusi, au yeye anaonaje? Ami akasema naye aliona hivyo hivyo. Nilitoka nje nikajitia naangalia jua limefika wapi.

Walipoondoka waliondoka na furushi lao. Ami alishangaa siku mbili nzima. “Watu wamebeba zawadi kutoka Chundwa,” alisema, “wameipakata mlo wote, wamerudi nayo. Kuna kitu walikikosa.” Akaamua kwamba ni munyu.

Nilioa, na nilioa vizuri. Mke wangu alinieleza makosa yangu moja baada ya jingine, kwa utulivu, na aghlabu nilitoka mwenyewe. Mwaka wa tatu wa ndoa yetu, siku moja, alikuwa amevaa zile leso nyekundu za posa, zimekwisha kupauka, nami nikazisifu nikasema nilizichagua mimi.

“Hizi zimekuja Amu kabla yangu,” alisema.

Sikuelewa. Akanieleza. Babake alikuwa amesikia habari za Ami, kwamba ni mtu wa kiburi asiyepatana na jirani hata mmoja, na binti atakayeingia nyumba ile atakuwa chini ya ulimi wake. Akaamua kuivunja posa. Na kwa kuwa ni mtu muungwana hakutaka kutuma neno, alikuja kuirudisha kwa mkono wake mwenyewe, baada ya kula, kwa maneno mazuri. Leso zilikuwa ndani ya furushi lile. Aliporudi Chundwa alimtupia bintiye furushi mapajani akamwambia mtu aliyesema maneno yale Langoni, mbele ya wapita njia, anaweza kukaa naye nyumba moja.

Nilivaa viatu. Kisha nilishika njia ya Langoni, njia yenyewe, si kichochoro.

Alikuwa jikoni. Nilimsimulia yote, furushi, leso, babake mke wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi.

“Na ami yako alikuwa ayua hayo? Siku ile?”

“Hakujua. Hata leo hajui. Anadhani ilikuwa zawadi.”

“Hapana aliyemwambia posa itavunjika?”

“Hapana, Mama.”

Aliligeuza neno hilo moyoni, nikamwona akiligeuza.

“Basi alisema tu,” alisema.

Akachukua bakuli, lile la maua ya buluu ambalo hakuwauzia watu, akapakua wali mpaka juu, akaweka samaki, akalifunika kawa. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

“Mpelekee. Na umwambie akitaka munyu atie mwenyewe.”